Maria Montessori: Daktari aliyewapa watoto wa vibarua nyumba yao

Wengi wetu jina la Montessori tunalijua kwa kuliona ukutani. Ukipita Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Kigali utalikuta limeandikwa kwa rangi juu ya geti la shule ya chekechea, pembeni pamechorwa tembo au kipepeo. Niliwahi kuwauliza akina mama wanaouza vitenge mpakani kama wanajua maana yake. Mmoja alidhani ni kampuni. Mwingine alisema yeye anachojua ni kwamba ada yake haishikiki.

Ndugu msomaji, hilo ni jina la mtu. Na shule yake ya kwanza haikuwa ya watoto wa matajiri. Ilikuwa ya watoto wa watu wanaotoka alfajiri kutafuta riziki, wakimwacha mtoto bila kujua atashinda na nani. Ndiyo maana nimeona leo nimzungumzie mwanamama huyu.

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, nchini Italia. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa mila, na hakufurahia hata kidogo binti yake aliposema anataka udaktari. Mama ndiye aliyesimama naye. Katika Chuo Kikuu cha Roma hakuruhusiwa kupasua maiti pamoja na wanafunzi wanaume, kwa hiyo kazi hiyo aliifanya peke yake baada ya wenzake kuondoka. Mwaka 1896 alihitimu, akiwa mmoja wa wanawake wa kwanza nchini humo kupata shahada hiyo.

Kazi iliyombadilisha ilikuwa ya hospitali za wagonjwa wa akili mjini Roma. Huko alikuta watoto wenye ulemavu wa akili wamefungiwa chumbani, hawana hata kitu cha kuchezea mikononi. Akasoma maandishi ya madaktari wawili wa Kifaransa, Itard na Séguin, kisha akaanza kuwafundisha watoto hao kwa vitu vya kushika na kupanga. Baadhi yao walifanya mtihani wa kusoma na kuandika waliofanya watoto wa shule za kawaida, wakafaulu. Watu walimshangilia. Yeye alibaki na swali lake: ikiwa hawa wamefika hapa, hao wenye akili timamu wanafanywa nini huko shuleni hata wawe sawa nao?

Jibu alilipatia San Lorenzo, mtaa wa walalahoi wa Roma. Kampuni moja ya nyumba ilikuwa imekarabati majengo ya mtaa huo na kuwapangisha vibarua. Wazazi walipokwenda kazini, watoto wasiofikia umri wa shule walibaki wakikimbia kwenye ngazi na kuchafua kuta mpya. Kampuni ikaona ni nafuu kutoa chumba na kumlipa mtu wa kuwaangalia kuliko kupaka rangi kila mara. Kwa hiyo tusidanganyane, mwanzo wake haukuwa huruma, ulikuwa hesabu ya fedha. Tarehe 6 Januari 1907 chumba kilifunguliwa kwa watoto zaidi ya 50, kikaitwa Nyumba ya Watoto.

Montessori hakuweka pale mwalimu mwenye cheti. Alimweka mwanamke wa kawaida, akamwachia vifaa na kumwomba aangalie watoto wanafanya nini. Aliagiza meza na viti vidogo ambavyo mtoto anaweza kuvibeba mwenyewe. Siku moja mlezi alichelewa na kabati lilikuwa halikufungwa. Alipofika alikuta watoto wameshachukua kila mmoja kifaa chake na wanafanya kazi. Mlezi alitaka kuwaadhibu kama wezi. Montessori aliona tofauti: kumbe wanajua wanachokitaka. Tangu hapo makabati yakawa mafupi na wazi.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha makamasi. Aliwafundisha watoto jinsi ya kupenga kwa leso bila kelele, nao wakampigia makofi kwa furaha. Hakutegemea. Baadaye alielewa kwamba watoto hao walikuwa wakikaripiwa kila siku kwa ajili ya pua zao, lakini hakuna aliyewahi kukaa nao chini na kuwaonyesha namna ya kufanya.

Herufi alizikata kwenye karatasi ya msasa ili mtoto azipapase kwa kidole huku akitamka sauti yake. Baada ya miezi kadhaa, mtoto mmoja aliyekuwa akichora kwa chaki aligundua ghafla kwamba anaweza kuandika. Wenzake wakafuata, wakaandika sakafuni na popote palipoandikika. Habari zilienea, wageni wakaanza kumiminika kutoka nchi za mbali, na kitabu alichokitoa mwaka 1909 kikatafsiriwa katika lugha nyingi.

Najua mwalimu mwenye wanafunzi 80 darasani atacheka akisoma haya. Lakini Montessori naye alianza na zaidi ya 50 katika chumba kimoja. Jambo jingine linatuhusu sisi tuliorudi: katika madarasa yake watoto wa miaka mitatu hadi sita walikaa pamoja, mkubwa akimsaidia mdogo, na kila mmoja akaenda kwa mwendo wake. Nimemwona kijana wa miaka 13 aliyesoma vizuri kwa Kiswahili ng'ambo ya mpaka, akarudi nyumbani akakuta masomo kwa lugha nyingine, akarudishwa kukaa na watoto wa miaka minane. Hesabu alikuwa anaijua. Hakuna aliyemuuliza. Aliacha shule kabla ya mwaka kwisha, sasa anasukuma baiskeli ya mizigo.

Maisha ya Montessori mwenyewe hayakuwa mepesi. Mwaka 1898 alizaa mtoto wa kiume, Mario, na daktari mwenzake ambaye hakuoana naye. Kwa desturi za wakati ule kumlea waziwazi kungekuwa mwisho wa kazi yake, hivyo mtoto alipelekwa kulelewa kijijini. Alimchukua akiwa kijana wa miaka kama 15, na kwa miaka mingi watu waliambiwa ni mpwa wake. Wapo wanaomlaumu hadi leo. Mimi nadhani bei ile aliilipa yeye na mwanawe, wakati baba yake mtoto aliendelea na kazi bila kuulizwa.

Lawama nyingine ina uzito zaidi. Katika miaka ya 1920 alikubali msaada wa Mussolini ili shule zake zienee Italia. Dikteta alitaka watoto watiifu wenye sare. Mafundisho ya Montessori yalitoa watoto wanaochagua. Mwaka 1934 waliachana, shule zake zikafungwa. Akahamia Barcelona, alikokuwa na makazi, lakini mwaka 1936 vita ya wenyewe kwa wenyewe ikamtoa huko kwa meli ya kivita ya Waingereza. Akafikia Uholanzi.

Mwaka 1939 alikwenda India na Mario kufundisha walimu. Mwaka uliofuata Italia iliingia vitani, nao wakageuka raia wa adui. Mario alitiwa kizuizini, mama akazuiwa kutoka nje ya eneo alilokuwa akiishi. Siku alipotimiza miaka 70, serikali ya Waingereza ilimwachia mwanawe kama zawadi. Walibaki India hadi 1946, wakifundisha walimu zaidi ya 1,000.

Alifariki tarehe 6 Mei 1952 huko Noordwijk, Uholanzi, akazikwa hapo hapo. Katika miaka ya 1990 Italia iliweka sura yake kwenye noti ya lire 1,000, noti ndogo kuliko zote, ile ya kununulia mkate, hadi euro ilipoingia mwaka 2002. Mario aliendeleza kazi yake mpaka alipofariki mwaka 1982.