Luteni Audie Murphy: Nishani Nyingi na Jeraha Lisiloonekana



Sisi tunaolea watoto katika nchi hii ya Marekani, yatupasa kuwasimulia pia habari za watu wa hapa waliobeba mzigo wa jamaa zao. Apitaye mjini San Antonio, Texas, huliona jina la Audie Murphy katika hospitali kubwa ya askari wastaafu. Je, huyo alikuwa nani?

Murphy alizaliwa tarehe 20 Juni 1925, karibu na Kingston, Texas, akiwa mtoto wa saba kati ya kumi na wawili. Wazazi wake walikuwa mafukara waliolima pamba katika mashamba ya wengine. Baba aliwatupa mkono. Mama akafariki mwaka 1941, na wadogo watatu wakapelekwa katika nyumba ya mayatima. Kijana alikuwa amekwisha kuacha shule ili achume pamba, na mara nyingi kitoweo cha nyumbani kilitokana na shabaha yake porini.

Mwaka 1942, dada yake alitia sahihi hati ya kumwongezea umri, naye akaomba kuandikishwa. Wanamaji walimkataa kwa udogo wa mwili wake. Jeshi la nchi kavu lilimpokea, likampeleka katika Rejimenti ya 15 ya askari wa miguu.

Alipigana Sisilia, kisha Italia. Mwezi wa Machi 1944, huko Anzio, alikiharibu kifaru cha Wajerumani, akapata Nyota ya Shaba. Tarehe 15 Agosti 1944, karibu na Ramatuelle, kusini mwa Ufaransa, sahibu yake Lattie Tipton aliuawa na maadui waliojidai kusalimu amri. Murphy akawaendea peke yake, akawashinda. Kwa tendo hilo alitunukiwa Msalaba wa Utumishi Uliotukuka, nishani ya pili kwa ukubwa katika jeshi lao. Mwezi wa Oktoba alipata Nyota ya Fedha mara mbili, kwa matendo ya siku chache tu, kisha akapandishwa cheo kuwa Luteni Usu.

Siku yake kuu ilikuwa tarehe 26 Januari 1945, karibu na kijiji cha Holtzwihr. Vifaru sita na askari wapatao 250 wa Kijerumani waliikabili kombania yake iliyokwisha kupukutika. Aliwaamuru watu wake warudi msituni, mwenyewe akabaki na simu akiielekeza mizinga ya nyuma mahali pa kupiga. Kisha alipanda juu ya gari la vita lililokuwa likiwaka moto, akashika bombomu yake, akawazuia adui kwa muda wa karibu saa nzima, huku amejeruhiwa mguu. Alikuwa na umri wa miaka 19. Tarehe 2 Juni 1945 alivishwa Nishani ya Heshima, iliyo kuu kuliko zote Marekani. Ufaransa na Ubelgiji nazo zilimtunuku.

Aliporejea hakuwasahau wa kwao. Alimnunulia dada yake nyumba mjini Farmersville, ili wadogo wale watoke katika nyumba ya mayatima, waishi tena na ndugu zao. Akawa mwigizaji mashuhuri wa sinema, na mwaka 1955 aliigiza maisha yake mwenyewe.

Hata hivyo, nishani hazikumpa usingizi. Miaka mingi alilala na bastola chini ya mto. Akazizoea dawa za usingizi hata zikamtawala. Alipotambua hivyo, alijifungia chumbani peke yake siku kadhaa mpaka akaziacha. Kisha akafanya jambo ambalo mashujaa wa zama zake waliliogopa: alisema hadharani kwamba vita huijeruhi akili, akaiomba serikali iwatibu askari waliotoka Korea na Vietnam.

Alifariki katika ajali ya ndege huko Virginia tarehe 28 Mei 1971, akazikwa Arlington. Mawe ya makaburi ya wenye Nishani ya Heshima hunakshiwa kwa dhahabu. Yeye alitaka lake liwe la kawaida, kama la askari yeyote.

Ndugu zangu, katika koo zetu nasi wamo waliopita vitani, wengine wakiwa askari, wengine wakikimbia na watoto mgongoni. Wakikesha usiku, tusiwaone dhaifu. Tukae nao, tuwasikilize, tuwapeleke kwa tabibu. Murphy alipata nishani zake kwa kuwakabili adui. Lakini kukiri maumivu yake mbele ya watu kulihitaji ushujaa usiopungua ule.