Haruni, Kuhani Aliyetiwa Mafuta

Katika siku hizi za jubilei twawakumbuka wote waliowekewa mikono na kutengwa kwa kazi ya Mungu. Basi ni vema tumtazame yeye aliyekuwa wa kwanza kutiwa mafuta awe kuhani mkuu wa Israeli, tupate kujua maana ya mafuta hayo.

Haruni alikuwa mwana wa Amramu na Yokebedi, wa kabila ya Lawi, mkubwa wa Musa kwa miaka 3. Kwa kuwa Musa alikuwa mzito wa kusema, Mungu alimpa nduguye awe kinywa chake. Naye alikuwa na miaka 83 waliposimama mbele ya Farao.

Wakatoka Misri, wakafika mlima Sinai. Huko juu Musa alipokea maagizo ya hema na ya mavazi ya kuhani: vito 12 vya kifuani vyenye majina ya kabila za Israeli, na bamba la dhahabu la kilemba. Akapewa hata vipimo vya mafuta matakatifu: manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane 250, kida 500, pamoja na mafuta ya zeituni. Na Haruni siku zizo hizo alikuwa wapi? Alikuwa chini ya mlima, akipokea pete za masikio ya watu, akiwafanyia ndama ya dhahabu. Juu vazi la utakatifu liliagizwa kwa ajili yake. Chini yeye aliwaongoza watu katika dhambi. Musa alipomwuliza, akatafuta udhuru. Watu kama 3,000 walikufa siku ile, naye Haruni angaliangamia kama nduguye asingalimwombea.

Lakini Mungu hakulitangua neno lake. Mbele ya mkutano wote Musa akamwosha kwa maji, akamvika, akammiminia mafuta kichwani. Kisha akampaka damu ya kondoo mume katika ncha ya sikio la kuume, na kidole gumba cha mkono wa kuume, na kidole kikubwa cha mguu wa kuume: sikio lisikie neno la Mungu, mkono utende kazi yake, mguu uende katika njia yake. Akakaa mlangoni pa hema siku 7. Siku ya 8 sadaka ya kwanza aliyotoa, kwa ajili ya dhambi zake mwenyewe, ilikuwa ndama.

Mafuta hayo hayakumwondolea huzuni. Wanawe Nadabu na Abihu walitoa moto usioamriwa, wakafa mbele za Bwana. Haruni akanyamaza. Hakuruhusiwa kurarua mavazi wala kutoka mlangoni pa hema, kwa sababu mafuta ya Bwana yalikuwa juu yake. Wengine wakawachukua maiti. Hata baadaye, watu walipomnung'unikia yeye na Musa, tauni ikawashika, wakafa 14,700. Ndipo mzee huyo akatwaa chetezo, akapiga mbio katikati ya kusanyiko, akasimama kati ya wafu na walio hai, na tauni ikazuiliwa. Aliwaombea wale wale waliomchukia. Hii ndiyo maana ya kutiwa mafuta: si kupewa heshima, bali kuwekwa mahali pale.

Alikufa juu ya mlima Hori, mwenye miaka 123. Musa akamvua mavazi yake, akamvika Eleazari mwanawe. Na watu wakamlilia siku 30.

Ukuhani wa Haruni ulipokezwa kwa mwingine, maana mauti ilimzuia asikae. Bwana wetu aitwa Kristo, yaani Aliyetiwa mafuta. Yeye hana dhambi ya kutolea sadaka, na ukuhani wake haupiti. Nasi tulioshwa katika Ubatizo, tukawa ukuhani mtakatifu ndani yake. Basi, padre, mwalimu, na kila mkristo, tujiulize katika jubilei hii: sikio langu, mkono wangu na mguu wangu ni vya nani? Na penye tauni ya ugomvi na chuki katika kijiji, ni nani atakayepiga mbio na kusimama katikati?