Vasco da Gama: Mreno aliyevushwa na rubani wa Malindi

VASCO da Gama, mzaliwa wa Sines nchini Ureno, aling'oa nanga jijini Lisbon mnamo Julai 8, 1497 akiwa na merikebu nne. Mfalme Manuel wa Kwanza alikuwa amemtuma kutafuta njia ya bahari ya kufikia viungo vya India.

Aliizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuwasili Mombasa Aprili 7, 1498. Huko kila upande ulimshuku mwenzake, naye akaondoka mikono mitupu. Wiki moja baadaye alifika Malindi. Mfalme wa mji huo, aliyekuwa hasimu wa Mombasa, alimkaribisha na kumpa rubani aliyezifahamu pepo. Kwa msaada wake Wareno walifika Calicut Mei 20, kabla ya mwezi kutimia.

Wakati wa kurejea, da Gama hakungoja kaskazi ishike. Kuvuka bahari ile ile kukachukua takriban miezi mitatu, na mabaharia wengi wakafa kwa kiseyeye. Waliofika Malindi Januari 1499 hawakutosha kuendesha merikebu zilizosalia, hivyo moja ikateketezwa.

Mnamo 1502 alirudi kwa mabavu, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi. Pia aliichoma merikebu iliyojaa mahujaji waliotoka Makka.

Alifariki Kochi, India, Desemba 24, 1524. Nguzo yake ingali Malindi. Hata hivyo, njia ya kutoka hapo hadi India haikuwa ngeni: wafanyabiashara wa bahari hii waliitumia karne nyingi kabla yake.