Wesley na Pauni Zake 28

Soma Luka 14:28–30 na Luka 16:10–12. Je, mafungu haya yanaonesha uhusiano gani kati ya kuhesabu fedha na uaminifu wa moyo?

Mwaka 1705 mchungaji wa kijiji cha Epworth, Uingereza, alikamatwa kwa sababu ya deni, akafungwa katika ngome ya Lincoln. Deni lenyewe halikufika pauni 30. Mchungaji huyo alikuwa Samuel Wesley. Hakuwa mlevi wala mvivu. Alikuwa na nyumba kubwa, mapato madogo, na mazoea ya kukopa akitumaini mwaka ujao. Mkewe Susanna, aliyezaa watoto 19 na kuwazika wengi wao wakiwa wachanga, hakuwa na fedha ya kumtumia. Alivua pete zake akampelekea gerezani. Samuel alizirudisha.

Mmoja wa watoto waliobaki nyumbani alikuwa John, mwenye umri wa miaka miwili hivi. Tunamkumbuka John Wesley kama mhubiri aliyezunguka Uingereza akiwa juu ya farasi. Leo na tulitazame daftari lake la hesabu.

Mwaka 1726 John alichaguliwa kuwa mwalimu katika chuo cha Lincoln huko Oxford. Kwa mara ya kwanza alikuwa na mapato ya uhakika. Katika miaka hiyo, siku moja ya baridi, msichana mtumishi alifika chumbani kwake akiwa amevaa nguo nyembamba ya kitani. John alitia mkono mfukoni ili ampe fedha za koti, akakuta zimebaki chache mno. Alikuwa ametoka kununua picha za kupamba kuta zake. Jambo hilo lilimchoma. Alijiuliza kama Bwana wake angeweza kumsifu kuwa wakili mwema, huku kuta zimevikwa na maskini anatetemeka.

Tangu hapo alibadili njia. Katika hubiri mojawapo alieleza hesabu za kijana mmoja wa Oxford, ambaye waandishi wa maisha yake wanaelewa kuwa ni yeye mwenyewe. Mwaka wa kwanza kijana huyo alipata pauni 30, akaishi kwa 28, akatoa 2. Mwaka wa pili alipata 60, akaishi kwa 28, akatoa 32. Mwaka wa tatu alipata 90, akatoa 62. Mwaka wa nne alipata 120, akatoa 92. Mapato yalizidi mara nne, lakini matumizi yalibaki palepale.

Hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Kila mshahara unapopanda, mahitaji nayo hupanda. Kilichokuwa anasa mwaka jana huitwa lazima mwaka huu. Wesley alijiwekea dari ya matumizi kabla fedha haijafika mkononi, na dari hiyo haikuinuliwa na ongezeko la kipato.

Kubana kwake kulikuwa katika mambo madogo. Akiwa Oxford aliacha nywele zake zikue ndefu, akaepuka gharama ya kinyozi. Mwaka 1746 aliacha kunywa chai, ambayo siku zile ilikuwa ghali, akawasihi wenzake wa London wafanye vivyo hivyo ili fedha ile iwalishe maskini. Mwaka 1776 ofisi ya kodi ilimwandikia ikimtaka ataje vyombo vyake vya fedha, ikidhani mtu maarufu kama yeye amevificha. Alijibu kwamba alikuwa na vijiko viwili vya fedha London na viwili Bristol, wala hangenunua vingine wakati wengi waliomzunguka walikosa mkate.

Mtoto wa mfungwa wa deni hakuwasahau wenye madeni. Mwaka huohuo wa 1746 alitembea London akiomba michango, akapata kama pauni 30. Fedha hiyo ikawa mfuko wa mikopo midogo. Mtu aliweza kukopa hadi shilingi 20, akarudisha ndani ya miezi mitatu. Zaidi ya watu 250 walisaidiwa. Baadaye kiwango kiliongezwa hadi pauni 5, na mshona viatu James Lackington alikopa kiasi hicho kuendeleza duka lake la vitabu. Alikuja kuwa mmoja wa wauza vitabu wakubwa wa London.

Ni vema tuseme pia kwamba Wesley hakuwa na watoto wa kuwalisha wala karo ya kulipa. Pauni zake 28 si kipimo cha nyumba yenye watu sita. Mama yake, aliyegawa mkate mdogo kwa vinywa vingi, alikuwa na kazi ngumu kuliko yake. Kila familia itaweka dari yake yenyewe, mume na mke wakikubaliana. Lililo muhimu ni kwamba iwepo, iandikwe, na ilindwe.

Wesley aliandika mapato na matumizi yake hadi mwaka 1790, alipofunga daftari kwa mwandiko uliotetemeka, akiridhika kwamba alikuwa ametunza na kutoa kadiri alivyoweza. Vitabu vyake vilikuwa vimemwingizia fedha nyingi, naye aliigawa karibu yote. Alifariki tarehe 2 Machi 1791, akiwa na umri wa miaka 87. Katika wosia aliagiza pauni 6 zigawiwe wanaume sita maskini watakaobeba mwili wake hadi kaburini. Baba alifungwa kwa pauni zisizofika 30; mwana alikufa bila mali na bila kumwogopa mdai.

Maswali ya Kutafakari:

1. Andika kila shilingi utakayotumia kuanzia kesho hadi maandalio ya Sabato. Ni kitu gani kitakuaibisha, na kwa nini?

2. Kipato chako kilipoongezeka mara ya mwisho, nani alinufaika zaidi?

3. Soma 1 Timotheo 6:6–10. Kuna tofauti gani kati ya mtu anayebana matumizi ili atoe na mtu bahili?