Kabla Awe Shujaa, Lumumba Alikuwa Msee wa Promo ya Bia

Wikendi ukipitia Lumumba Drive pale Roysambu saa tatu usiku, utajua hujui. Nyama inachomwa, ngoma za baa moja zinagongana na za baa ya pili, mathree zinashusha watu upande wa TRM, na kila meza kuna mtu anaitisha raundi nyingine. Sasa waulize hao wasee barabara wamekalia imepewa jina la nani. Wengi watakuambia ni shujaa fulani wa Congo, aliuawa, basi. Chenye wengi hawajui ni hiki: huyo shujaa, kabla awe waziri mkuu, alikuwa analipwa kuzunguka baa usiku akigawa bia ya bure ndio watu waionje na kesho wainunue. Yaani wale wasee wa tisheti za kampuni ambao hukujia kwa meza na kukuuliza kama ushajaribu hii mpya? Patrice Lumumba ndiyo ilikuwa kazi yake.

Na hiyo kazi haikuwa ya kujishikilia tu akingoja maisha iive. Ukiniuliza, bila hizo baa hatungekuwa tunamjua leo.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925, kijiji cha Onalua huko Sankuru, katikati kabisa ya Congo, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Ubelgiji. Alipitia shule za wamishenari lakini hakufika mbali, zingine zote alijisomea mwenyewe kwa vitabu vya kuazima. Akahamia Stanleyville, mji tunauita Kisangani siku hizi, akapata kazi ya karani wa posta. Kule Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na mtaa, naye alikipiga vizuri tu, juu ya Kitetela cha kwao, Lingala, Tshiluba na Kifaransa. Hebu weka hiyo listi ya lugha kando kiasi, tutaihitaji.

Stanleyville alikuwa mtu wa kamati. Kila chama cha Waafrika waliosoma kidogo, ungempata kwa uongozi. Alikuwa anaandikia magazeti, anavaa suti safi, miwani, ndevu zake zimechongwa. Mwaka wa 1955 Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alipotembelea mji huo, Lumumba alipata nafasi ya kuongea naye dakika chache, na watu walishtuka sana. Karani mweusi na mfalme! Hakuna aliyejua hao wawili wangepatana tena baada ya miaka mitano, na mambo hayangekuwa ya kupeana mikono tu.

Lakini Julai 1956 akashikwa. Pesa za posta zilikuwa zimepungua, na yeye ndiye alizichukua. Hapa watu hupenda kumsafisha, kwamba alisingiziwa. Hapana, mwenyewe alikubali, na mabeshte wakachanga kuzirudisha. Mshahara wa karani Mwafrika na maisha ambayo Wabelgiji walitaka mtu aliyestaarabika aishi, hizo hesabu hazikuwa zinaingiana. Akakaa ndani zaidi ya mwaka. Septemba 1957 akatoka, hana kazi, ana rekodi ya jela na familia ya kulisha. Akahamia mji mkuu, Léopoldville, Kinshasa ya leo.

Sasa tuongee kuhusu huo mji kidogo, kwa sababu bila kuuelewa huwezi elewa bia.

Léopoldville ya 1957 ilikuwa na zaidi ya watu 300,000 na ilikuwa imekatwa mara mbili. Upande mmoja Kalina, wenye sasa ni Gombe: barabara pana, miti, nyumba za wazungu. Usiku ukiingia, Mwafrika hakutakiwa kuonekana huko bila ruhusa. Wazee wetu waliovaa kipande shingoni hapa Nairobi wangeelewa hiyo stori bila kuelezwa. Upande wa pili ndio ulikuwa mtaa wenyewe, wakiuita la cité, na huko ndiko usiku ulikuwa unaishi. Baa zilikuwa ua wazi, meza na viti chini ya taa, chupa kubwa za bia, na bendi pembeni. Rhumba yenye mnachezewa kila Jumapili na DJ wa mtaani ilikuwa inapikwa hapo, moto moto. African Jazz ya Grand Kallé ilikuwa inatesa. O.K. Jazz ya kijana anaitwa Franco ilikuwa imeanza 1956, na jina lenyewe lilitoka kwa baa, O.K. Bar ya Oscar Kashama. Wamama walikuwa na vyama vyao vya kuchangiana pesa, wanakuja wamevalia sare, wanakalia meza yao na bendi inawasifu. Ukiona chama cha wamama leo wameingia mahali na lesso zinafanana, hiyo kitu si mpya.

Na kitu kikubwa zaidi: siasa ilikuwa imefungiwa. Mikutano ilihitaji kibali, na serikali ya kikoloni ilikuwa na masikio kila pembe. Lakini bia? Hiyo iliruhusiwa, tena ilitakiwa inyweke nyingi, kwa sababu kampuni zilikuwa za Wabelgiji. Kwa hivyo mahali ambapo watu mia mbili wangekaa pamoja usiku bila kuulizwa swali palikuwa ni baa.

Kampuni zilikuwa mbili zenye zinapigana. Bralima, ya tangu miaka ya 1920, ilikuwa na Primus. Bracongo ilikuwa na Polar. Primus ndiyo ilikuwa imekamata mji. Bracongo wakahitaji mtu mwenye mdomo, mwenye angeingia baa yoyote na kuongea na yeyote. Wakampata huyo karani aliyetoka jela, mwenye lugha tano.

Jioni alikuwa anatoka na mzigo wa Polar, anaingia baa moja, anaitishia watu raundi ya bure, anasimama, anaongea. Anaenda ya pili, ya tatu. Kwa Mbangala anachapa Lingala, kwa watu wa mashariki Kiswahili, kwa Waluba Tshiluba, kwa wasomi Kifaransa cha kitabu. Anaanza na bia. Hiyo bia inamfikisha kwa mshahara, mshahara unamfikisha kwa ubaguzi, na kabla chupa iishe mko kwa uhuru. Mauzo ya Polar yakapanda, naye akapanda cheo hadi kusimamia biashara yenyewe. Kampuni ya Kibelgiji ilikuwa inalipia mikutano ya mtu atakayewafukuza, na hawakuwa na habari.

Mji nao ukaanza kujigawa kwa chupa. Wafuasi wa Joseph Kasavubu na chama chake cha Abako, wengi wao Wakongo wa hapo hapo, wakajulikana na Primus. Watu wa Lumumba wakajulikana na Polar. Ungeingia baa ukiitisha chupa, na meza ya pili washajua unasimama wapi.

Kwa hizo duara za usiku ndipo alijenga marafiki pia. Mmoja alikuwa mwandishi wa magazeti aliyekuwa ametoka jeshini, kijana mrefu, mwembamba, anapenda stori: Joseph-Désiré Mobutu. Tutarudi kwake, na sitafurahia.

Oktoba 1958 Lumumba na wenzake wakaanzisha chama, MNC, na tofauti yake ilikuwa kwamba hakikuwa cha kabila moja. Ilikuwa siasa ya mtu ambaye kazi yake ni kuingia kila baa. Desemba mwaka huo akaenda Accra, Ghana, kwa mkutano mkubwa wa Waafrika ulioitwa na Nkrumah. Kwenye kiti cha mwenyekiti alikuwa amekaa Mkenya wa miaka 28, Tom Mboya, msee mwenye sanamu yake mnapitia pale Moi Avenue mkikimbilia stage. Mboya naye alipigwa risasi barabara hiyo hiyo mwaka wa 1969. Lumumba alirudi kutoka Accra akiwa mtu mwingine. Tarehe 28 Desemba akafanya mkutano Léopoldville na maelfu wakajaa kumsikiliza, safari hii bila chupa ya bure. Wiki moja baadaye, 4 Januari 1959, mkutano wa Abako ulizuiwa, mashabiki wa mpira wakamwagika kutoka uwanjani na kuungana na umati, mji ukawaka, watu wengi wakauawa. Wabelgiji wakajua mchezo umebadilika.

Mwaka huo wa 1959 bia akaiacha, siasa ikawa kazi ya mchana na usiku. Oktoba mkutano wa chama Stanleyville ukaisha kwa vurugu na damu, akatupwa ndani tena. Januari 1960 Wabelgiji wakaita meza ya mazungumzo Brussels, na viongozi wa Congo wakagoma kuendelea bila yeye. Akatolewa jela, akapandishwa ndege. Grand Kallé na African Jazz walikuwa huko pia, wakipigia wajumbe muziki usiku. Hao watu walipanga uhuru mchana na kuucheza jioni. Ni vile tu.

Uchaguzi ukaja Mei 1960. MNC ya Lumumba ikaongoza kwa viti 33 kati ya 137. Lakini sikiliza hii. Kura zake kubwa zilitoka Stanleyville na mashariki. Léopoldville, mji wenye alikuwa ameunywesha Polar baa baada ya baa, haukumpa ushindi. Abako walibaki wenyewe. Watu walikunywa, wakapiga makofi, wakaenda wakapigia mtu wa kwao. Wanasiasa wetu wanaogawa mia mbili mbili sokoni wangemwambia pole, tunaijua hiyo.

Hata hivyo akawa waziri mkuu, miaka 34, Kasavubu akiwa rais. Wa Polar na wa Primus serikali moja. Tarehe 30 Juni 1960 Mfalme Baudouin alisimama akasifu kazi ya ukoloni. Lumumba hakuwa kwenye ratiba. Akasimama hata hivyo, na mbele ya mfalme akaeleza kazi ya kulazimishwa, matusi, viboko na jela. Waafrika ndani ya ukumbi wakampigia makofi mara kadhaa, mfalme akabadilika uso. Ukimfuata tangu zile baa, utaona alifanya kile alichokijua zaidi: aliangalia umati, sio mwenye kulipa bili.

Kuanzia hapo mambo yalienda mbio, na vibaya. Siku tano baadaye jeshi likaasi. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza Katanga imejitenga, na shaba yote, na Wabelgiji nyuma yake. Lumumba akaomba msaada Umoja wa Mataifa, hakuridhika, akageukia Warusi, Wamarekani wakamtia alama. Alifanya makosa pia. Alikuwa na haraka, alikuwa mkali, na aliamini watu wabaya. Tarehe 5 Septemba Kasavubu akamfuta kazi. Siku tisa baadaye mkuu wa jeshi akachukua mamlaka, na mkuu huyo ni nani? Mobutu, yule beste. Lumumba mwenyewe ndiye alimpa cheo.

Akafungiwa nyumbani kwake, askari wa Umoja wa Mataifa wamemzunguka kwa ndani, wa Mobutu kwa nje. Usiku wa 27 Novemba, mvua kubwa ikinyesha, akajificha ndani ya gari akatoroka kuelekea Stanleyville, kwa watu wake. Kama angenyoosha tu, labda angefika. Lakini kila kijiji watu walimtambua, wakatoka barabarani, naye akasimama, akashuka, akaongea. Kijiji hiki, kijiji kile. Hakuweza kupita umati bila kuusalimia, miaka ya baa ilikuwa imemfanya hivyo. Walipofika mto Sankuru alikuwa amevuka tayari, lakini mkewe Pauline na mtoto wao mdogo Roland walikuwa wamebaki ng'ambo. Akarudi kuwachukua. Wanajeshi wa Mobutu walikuwa wamefika. Ilikuwa tarehe 1 Desemba.

Tarehe 17 Januari 1961 akapelekwa kwa ndege hadi Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, wakapigwa njia nzima, na usiku huo huo wakapigwa risasi msituni, Wabelgiji wakiwepo. Alikuwa na miaka 35. Baadaye polisi wa Kibelgiji alifukua miili akaiyeyusha kwa asidi ndio kusiwe na kaburi la kwenda kulia. Akabaki na jino. Jino moja, lenye dhahabu.

Hilo jino lilikaa Ubelgiji mpaka Juni 2022, ndipo familia ikarudishiwa ndani ya jeneza. Likazungushwa Congo, likapita Onalua na Kisangani, na watu wakajipanga barabarani kama vile walimpangia akitoroka. Tarehe 30 Juni likazikwa Kinshasa, kwenye jumba la kumbukumbu lililojengwa chini ya ule mnara mrefu wa Limete, wilaya hiyo hiyo ambayo Bracongo bado inapika bia.