BIBI AISHA (R.A.), DADA WA MAYATIMA

Bismillahi Rahmani Rahim.



Wengi wetu tunamjua Bibi Aisha binti Abubakar (r.a.) kama mke wa Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) na mwalimu aliyetufikishia hadithi nyingi. Ijumaa hii tutazame upande mwingine wa maisha yake. Alikuwa dada katika familia ya baba mmoja na mama mbalimbali. Kifo na vita viliitawanya familia hiyo, naye hakukubali ipotee.

Sayyidna Abubakar (r.a.) alizaa watoto sita. Abdullah na Asmaa mama yao ni Qutayla. Abdurrahman na Aisha mama yao ni Umm Ruman. Muhammad alizaliwa na Asmaa binti Umays mwaka wa 10 Hijria, njiani pale Dhul-Hulayfa, Waislamu wakielekea Hija ya kuaga pamoja na Mtume. Wa sita alikuwa bado tumboni mwa Habiba binti Kharija, mwanamke wa Ansari, wakati Abubakar alipougua ugonjwa wa mwisho mwaka wa 13 (634). Abdullah alikuwa amekwisha kufariki.

Abubakar alikuwa amempa Aisha tende za shamba lake, wasaki 20, lakini Aisha alikuwa hajazivuna. Kabla ya kufa, baba alimwita akamweleza kwamba kwa kuwa hajazichukua, zimekuwa mali ya urithi, na atazigawana na ndugu zake wawili na dada zake wawili. Aisha alishangaa, maana dada aliyemjua ni Asmaa tu. Baba akamjulisha kwamba mwingine yuko tumboni mwa Habiba, naye anamdhania ni msichana. Aisha hakubishana. Aliiachia haki yake iende hata kwa mtoto ambaye hajazaliwa. Kweli, akazaliwa msichana, Umm Kulthum, ambaye hakumuona baba yake.

Hapo familia ikagawanyika. Asmaa binti Umays aliolewa na Sayyidna Ali (r.a.), na Muhammad, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu, akakulia katika nyumba ya Ali. Umm Kulthum alipokua aliolewa na Talha bin Ubaydillah. Kila mmoja na nyumba yake.

Mwaka wa 36 (656) ukaja mtihani mkubwa, vita vya Ngamia karibu na Basra. Bibi Aisha na shemeji yake Talha walikuwa upande mmoja. Muhammad, mdogo wake, alikuwa upande wa Ali aliyemlea. Talha aliuawa. Sisi hatukai kuwahukumu Maswahaba. Hesabu yao iko kwa Mola wao. Lakini tutazame jambo hili: vita vilipokwisha na ngamia wa Aisha kuanguka, Ali alimtuma Muhammad kwa dada yake. Adui wa asubuhi ndiye aliyemtoa dada yake kwa heshima na kumpeleka mahali pa usalama mjini Basra. Kisha Ali akamrudisha Hijazi kwa heshima, na wanahistoria wanasimulia kwamba Muhammad alimsindikiza. Umm Kulthum naye alikuwa amebaki mjane. Aisha alimchukua mdogo wake huyo akaenda naye Makka kufanya umra.

Mwaka wa 38 (658) Muhammad aliuawa Misri, akiwa gavana. Aisha alihuzunika sana. Baadaye alitembelewa na mtu aliyepigana chini ya kamanda ambaye mkono wake ulikuwa katika kifo hicho. Aisha akamuuliza kamanda wao alikuwaje kwao. Akajibiwa kwamba hawakuona ubaya kwake. Aliyekufiwa na ngamia alimpa ngamia mwingine. Aisha alisema kwamba jambo alilotendewa ndugu yake halitamzuia kuifikisha hadithi. Akamsimulia jinsi Mtume alivyomuombea upole kiongozi anayewatendea watu wake upole, na ugumu yule anayewatesa. Uchungu wa ndugu haukumfanya afiche haki.

Muhammad aliacha mayatima. Aisha aliwachukua nyumbani kwake Madina. Mmoja wao, Qasim, alikuja kusimulia kwamba yeye na ndugu yake walikuwa mayatima mikononi mwa shangazi yao, naye alikuwa akitoa zaka ya mali yao. Mali hiyo hakuila wala hakuifukia. Aliwapa watu wa biashara waizungushe kwa faida ya watoto. Mabinti mayatima wa ndugu yake pia walikaa kwake, na mapambo yao yakabaki yao. Qasim akawa mmoja wa wanachuoni saba wakubwa wa Madina.

Abdurrahman alipokufa ghafla karibu na Makka, Aisha aliwaacha huru watumwa wengi kwa niaba yake, na alipofika Makka alilizuru kaburi lake.

Yeye mwenyewe alifariki Ramadhani ya mwaka wa 58 (678). Alizikwa usiku, Baqii. Hakuwa amezaa mtoto. Lakini walioingia kaburini kumlaza walikuwa watano, wote watoto wa ndugu zake: Abdullah na Urwa wana wa Asmaa, Abdullah mwana wa Abdurrahman, na Qasim na Abdullah, mayatima wa Muhammad.

Ndugu zangu, kwetu vita vya 1996 na vya 1998 viliacha watoto wengi bila wazazi. Mmoja alilelewa kwa mjomba, mwingine kwa nyanya, wa tatu ng'ambo ya mpaka. Wengine leo ni watu wazima na hawajuani sura. Wewe uliye mkubwa, usingoje mdogo wako akutafute. Ukishika mali ya yatima, iandike na uizungushe kwa faida yake, maana Sura ya An-Nisaa imeonya vikali juu ya kuila. Na kama siasa au vita viliwaweka pande mbili, nenda umchukue ndugu yako kama Muhammad alivyomwendea dada yake.

Mwenyezi Mungu awaunganishe waliotawanyika, na awarehemu wazazi waliotangulia. Amin.

Wabillahi taufiq.