Mackinnon: Tajiri wa meli aliyeshindwa na soko la nchi kavu

Mackinnon Road, mji mdogo wa Kaunti ya Kwale kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, unafahamika sana kwa msikiti wake ambapo wasafiri husimama kuomba dua. Jina la mji huo, hata hivyo, ni la tajiri wa Uskoti ambaye maisha yake yanaonyesha jinsi umbo la soko linavyoweza kumtajirisha mfanyabiashara au kumfilisi.

William Mackinnon alizaliwa Campbeltown mwaka 1823. Alijifunza kazi katika duka la vyakula kabla ya kwenda India mwaka 1847, ambako aliungana na Robert Mackenzie katika biashara. Mwaka 1856 alianzisha kampuni ya meli za mvuke ambayo mwaka 1862 iliitwa British India.

Siri ya ufanisi wake ilikuwa mikataba ya serikali ya kubeba barua. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 kampuni hiyo ikapata mkataba wa safari kati ya Aden na Zanzibar. Wakati huo biashara ya Pwani ilitegemea majahazi ya wamiliki wengi, yaliyongoja pepo za kaskazi na kusi. Meli ya mvuke haikungoja upepo, na malipo ya barua yaliihakikishia pato hata shehena ilipopungua. Mshindani asiye na mkataba angebeba hasara peke yake. Soko halikufungwa kwa amri, bali gharama ya kuliingia ilikuwa kubwa mno.

Mei 1887 Sultani Barghash alimpa Mackinnon na wenzake haki ya kutawala ukanda wa Pwani, ikiwemo Vanga, Wasini na Gazi, na kukusanya ushuru wa forodha kwa jina la Sultani. Septemba 1888 Malkia Victoria aliipa kampuni yao, Imperial British East Africa, hati ya kifalme. Mwaka uliofuata Mackinnon alitunukiwa cheo cha ubaroneti.

Hapa soko lilikuwa la namna nyingine kabisa. Hati ilikataza kampuni kujipatia ukiritimba wa biashara. Mikataba ya zamani ya Sultani na mataifa ya kigeni iliweka ushuru wa bidhaa zinazoingia usizidi asilimia 5. Bidhaa za bara zilibebwa vichwani na wapagazi kwa gharama kubwa, na barabara ya mikokoteni iliyoanza kujengwa mwaka 1890 haikutosha kuipunguza. Mwaka huo huo Ujerumani ilianzisha safari za meli za Afrika Mashariki zilizolipiwa ruzuku na serikali yake. Silaha ambayo Mackinnon aliitumia kuwazuia wengine sasa ilikuwa mikononi mwa mpinzani.

Kampuni ikawa na mzigo wa serikali, yaani askari, maofisa na vita, bila hazina ya serikali. Mwaka 1893 ilijiondoa Uganda. Mackinnon alifariki dunia London mwezi Juni mwaka huo.

Wakazi wa kusini mwa Pwani hawakuwa na nafasi ya kuchagua mtawala wao kama mteja anavyochagua duka. Mwaka 1895 kampuni iliingilia mzozo wa urithi wa uongozi wa Takaungu, na vita vikazuka. Mbaruk bin Rashid wa Gazi, kiongozi wa Wamazrui, alijiunga na vita hivyo, akashindwa mwaka 1896 na kukimbilia himaya ya Wajerumani.

Wakati huo serikali ya Uingereza ilikuwa imekwisha kutwaa nchi, Julai 1, 1895. Kampuni ililipwa fidia ya pauni 250,000. Kati ya hizo, pauni 200,000 zilitoka katika fedha za Sultani wa Zanzibar. Hivyo hasara ya wenye hisa wa Uingereza ilifidiwa kwa sehemu kubwa na usultani ule ule uliowakodisha Pwani yake.